MREJESHO: Miwani ya kuchomelea kwa gesi, nimepata namba

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza hapa nivae kioo namba ngapi (namba ya kiwango cha giza, ikipanda kioo kinazidi kuwa cheusi) kwa kazi ya gesi (oksijeni na asetilini), maana kila jioni macho yalikuwa yananiwasha kama nimetiwa mchanga.

Nilimsikiliza mkuu aliyesema namba 5 kwa kukata bamba. Amesema kweli: naona mstari wa chaki vizuri na macho hayawashi tena. Ile miwani yangu ya zamani, nyeusi tititi lakini haina namba popote, nimeitupa. Mlinielewesha kwamba weusi peke yake hauzuii mionzi ya joto, na hilo sikulijua miaka yote.

Kwenye kuunga mabomba kwa brasi, namba 5 ilinishinda. Giza lilizidi, nikaunguza kiungo kimoja cha mteja na kukirudia bure. Nimeshuka namba 3, sasa naona brasi inavyoyeyuka na kutambaa. Ila nikitumia boraksi (unga wa kusafisha chuma ili brasi ishike), ule mwanga wa njano wa sodiamu bado unaniziba. Kioo cha didimiamu mlichokitaja, kile kinachochuja huo mwanga wa njano, sijakipata, na mmenionya vyema kwamba chenyewe hakitoshi kuzuia mionzi.

Kupaka sabuni kwenye kioo kuzuia ukungu kunasaidia kidogo tu, jasho likianza basi.

Kwa grinda navaa miwani myeupe ya plastiki ngumu. Kijana wangu wa kazi nimemnunulia yake, maana alikuwa anachungulia kwa jicho moja.

Nikipata didimiamu nitarudi.