Mafundi mnaoweka mbao za dawa kwenye boti za alumini, mnatuulia boti zetu!

Wakuu naandika hapa nikiwa na hasira kwelikweli, na asije mtu kuniambia nipunguze jazba kabla hajasoma mpaka mwisho.

Nilipata boti ya zamani ya alumini, futi 14, ile iliyoungwa kwa ribiti (zile pini za kugongwa), imebonyea bonyea kidogo lakini bati zima halina tundu hata moja. Nikasema hii nikiifufua nitavulia miaka na miaka. Kazi ya mbao nikampa fundi: sakafu, mabenchi, jukwaa la kusimama pale omo, yaani mbele, wakati wa kurusha mshipi, na ile mbao ya tezi, kule nyuma, inayobeba injini, maana ya zamani ilikuwa imeoza unaichota kwa kidole. Na nilimuuliza kabisa, unaweka mbao gani? Akasema "naweka zenye dawa, hizo haziozi, utakufa uziache". Nikaona huyu anajua kazi yake.

Msimu wa pili haujaisha boti ikaanza kuingiza maji. Mwanzo nafua maji mara moja kwa safari, baadaye kila baada ya muda mfupi niko na kopo ngamani, samaki wanavuta mshipi na mimi nimeinama nafua maji. Juzi nikasema basi, nikabandua kapeti na mbao zote. Jamani! Kila mstari ambapo mbao imegusa bati kuna unga mweupe umevimba, mkavu juu, chini umekuwa kama ugali mbichi, nikiupangusa navikuta vishimo vimejipanga kama makovu ya ndui. Nikachukua bisibisi nikagusa, yaani kugusa tu sikugonga, ikapita ikatokea upande wa pili.

Sasa kwa nini? Dawa ya hizo mbao ina shaba. Mbao ikilowa, shaba inatoka na maji inaenda kukaa juu ya alumini, na shaba na alumini zikikutana kwenye maji zinakuwa kama betri ndogo, anayeliwa ni alumini. Maji ya chumvi ndiyo yanaharakisha kabisa. Na hizi za siku hizi ni mbaya kuliko za zamani, maana Marekani kwa mfano mwisho wa 2003 waliacha kutumia dawa yenye arseniki kwenye mbao za majumbani, na dawa nyingi zilizochukua nafasi yake zina shaba nyingi zaidi. Hii siyo siri wala siyo elimu ya chuo, ni kitu cha kwanza mtu anayegusa boti ya alumini anatakiwa ajue! Halafu juu yake kapeti, kapeti ambalo halikauki, yaani umemfunga mgonjwa na kidonda chake ndani ya blanketi bichi.

Na hakuishia hapo. Ribiti zilizokuwa zimelegea hakuzigonga upya, alizipaka silikoni kwa ndani akaendelea na safari. Ribiti iliyolegea dawa yake ni watu wawili, mmoja anashikilia chuma kizito upande mmoja mwingine anagonga kichwa upande wa pili mpaka ikaze, ikikataa unaitoa unaweka nyingine. Yeye zile alizotoa kaweka ribiti za popu za kawaida zenye tundu katikati, maji yanapita humohumo kwenye tundu! Za boti zipo zilizozibwa mwisho. Skrubu nazo za stenilesi kazizamisha kwenye bati bila kitu chochote cha kutenganisha, kila moja sasa imezungukwa na duara jeupe.

Lile povu la chini ya mabenchi, ambalo ndilo linatakiwa liishike boti juu siku ikijaa maji, hakuligusa kabisa. Nimelitoa linachuruzika maji. Miezi yote hiyo nilikuwa nashangaa mbona boti imekuwa nzito hivi, mbona injini inahangaika, kumbe nabeba maji kwenye kitu cha kuniokoa. Hili ndilo limeniuma kuliko hata hayo matundu, kwa sababu kuna siku nilitoka na mtoto wangu kwenye boti hiyo.

Kilichofanya nifungue huu uzi ni simu ya jana. Nimempigia fundi kwa heshima zote, nikamweleza, akanijibu eti "alumini ikizeeka ndivyo inavyokuwa, ulinunua boti kuukuu ulitegemea nini". Mpaka sasa mikono inatetemeka.

Mbao ya tezi naitengeneza upya mwenyewe, plaiwudi ya baharini mbili za milimita 19 zimegundishwa pamoja, epoksi pande zote, na kingo, na ndani ya kila tundu la bolti kabla bolti haijaingia. Bati lililoliwa nalikata nabandika jipya. Sitachomelea, bati limekuwa jembamba na tayari limekula uchafu, na hao wa kuchomelea alumini wakikosea kidogo wanakuachia tundu kubwa kuliko la mwanzo. Nikimaliza naiweka juu ya vigogo najaza maji ndani, napita chini na chaki nachora kila panapodondoka.

Ila hilo la uzee silikubali hata kidogo. Pale omo kabisa, chini ya jukwaa, kuna kipande cha upana wa viganja viwili ambacho mbao yake haikufika, ilikatwa fupi. Nimekipangusa kwa kitambaa kikavu. Bati lilelile, umri uleule, maji yaleyale, na hapo hakuna hata kishimo kimoja, linang'aa.