Msimamizi kaikalia tasnifu, faini nalipa mimi. Idara ya uchumi inafundisha motisha gani?

Wakuu, heshima kwenu. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana nina hasira.

Mwanafunzi wa uzamili akichelewa kumaliza kwa sababu msimamizi wake kaikalia tasnifu, nani alipe? Kwa akili ya kawaida, alipe aliyechelewesha. Kwa chuo ninachosoma (sikitaji, msinibembeleze) anayelipa ni mwanafunzi. Inaitwa ada ya kuongeza muda na inatozwa kila muhula unaozidi. Wiki hii nimetolewa ankara ya laki tano na nusu. Sura yangu ya tatu na ya nne ziko mezani kwa msimamizi, au kwenye buti la gari lake, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba haziko kwangu, na bila saini yake siendi popote.

Nimekwenda kwa mratibu wa uzamili wa idara. Kanisikiliza vizuri tu, kisha akaniambia: "Kijana, lipa kwanza, mengine tutazungumza. Usipolipa mfumo utafunga usajili wako, na usajili ukifungwa hata msimamizi haruhusiwi kukusoma." Yaani nilipie muda ambao sikuhudumiwa ili niruhusiwe kuendelea kutohudumiwa. Fundi cherehani angekucheleweshea nguo ya harusi halafu akudai pesa ya kuitunza dukani kwake, mngemfanya nini?

Ingekuwa idara nyingine ningemeza. Lakini hii ni idara ya uchumi! Muhula mzima wa kwanza tumefundishwa kwamba watu hufuata motisha. Tumekokotoa usiku kucha habari za mwajiri asiyeweza kumwona mfanyakazi wake akiwa kazini, tukajaza vijitabu vya mtihani kueleza jinsi mkataba unavyopaswa kuandikwa ili hasara imwangukie mwenye uwezo wa kuizuia. Oliver Hart na Bengt Holmström walipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2016 kwa kazi yao ya nadharia ya mikataba, na mhadhiri wetu aliwasifia hadi kipindi kikapitiliza. Sasa tazameni mkataba wa chuo chenyewe. Mwenye uwezo wa kuondoa ucheleweshaji ni msimamizi, na hakatwi hata senti. Mwenye uwezo wa kumbana msimamizi ni chuo, na chuo kinaingiza pesa kila tunapochelewa. Asiye na uwezo wowote ndiye anayelipa. Swali hilo lije kwenye mtihani wa mikro, mwanafunzi ajibu kwamba utaratibu huu utatoa wahitimu kwa wakati, atapata sifuri na atakuwa ameistahili.

Msinielewe vibaya kuhusu msimamizi wangu. Ni kichwa kweli kweli, darasani alikuwa hatari. Ila ana mamia ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, jioni anafundisha MBA ya watendaji, Jumamosi yuko kwenye tawi la mkoa mwingine, na katikati ya wiki ana kazi ya ushauri elekezi ya mfadhili ambayo inalipa kwa siku. MBA ya jioni inalipa kwa saa. Makala kwenye jarida inampandisha cheo. Kusoma sura yangu ya tatu kunampa nini? Posho ya usimamizi ipo, ndogo, na wenyewe wanalalamika kwamba huja mwanafunzi akiwa keshasahau jina la idara. Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye yeye, pengine nami ningeanza na MBA. Ndiyo maana sitaki mtu aje hapa na ushauri wa "mheshimu tu mwalimu wako, mpigie Jumapili, mpelekee zawadi". Heshima ninayo. Tatizo liko kwenye kanuni.

Nikipata marejesho ya kazi yangu kutoka kwake, nayo ni vituko. Mara ya mwisho kurasa nne za mwanzo zilijaa nyekundu: mkato hapa, nukta pale, ukubwa wa herufi, "weka mwaka kwenye mabano". Kuanzia ukurasa wa tano hadi mwisho hakuna hata alama moja, karatasi safi kama ilivyotoka kwenye printa. Kisha kwenye jalada la nyuma swali moja: kwa nini hukutumia modeli ya fiksidi efekti (ile inayoangalia mabadiliko ndani ya kaya ileile)? Niliitumia, wakuu. Ilikuwepo kwenye rasimu ya kwanza. Aliyeandika "ondoa hii, rahisisha" ni yeye, na rasimu hiyo ninayo, mwandiko ni uleule.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba visingizio vya zamani vimekwisha. Kaka zetu walikuwa wanasema hakuna data, hakuna programu, hakuna majarida. Mimi natumia utafiti wa kaya wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), ule ulioanza 2008/09 ambao unarudi kwa kaya zilezile kila baada ya muda. Nimeupakua bure kwenye tovuti ya Benki ya Dunia nikiwa nimejilaza kitandani. (Ndiyo, data ya kaya za Tanzania naitoa Washington, hilo ni la uzi mwingine.) Programu ya takwimu ya R ni bure. Makala nyingi za uchumi ziko mtandaoni kama rasimu kabla hazijachapishwa. Kilichobaki kuwa adimu ni binadamu mmoja mwenye uzamivu wa kukaa chini asome kurasa themanini akaniambia nimekosea wapi. Na hicho ndicho nilicholipia.

Najua kuna wazee watakuja kusema vumilia, wasimamizi ni wachache. Kweli ni wachache, na historia yake inajulikana. Miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka na masharti ya marekebisho yakaja (sisi Tanzania tulisaini na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1986), mishahara ya wahadhiri ikawa kichekesho na waliokuwa na miguu wakaondoka kwenda kusini mwa Afrika na Ulaya. Idara zikabaki na watu wa kuhesabu kwa vidole. Lakini oneni wachumi wa wakati ule walifanya nini na uhaba huo. Mwaka 1988 ikaanzishwa AERC, taasisi ya pamoja ya utafiti wa uchumi Afrika, makao Nairobi. Mwaka 1993 wakaanza shahada ya uzamili ya pamoja: kila chuo kinafundisha masomo ya msingi nyumbani, halafu wanafunzi wa nchi mbalimbali wanakusanywa mahali pamoja kwa miezi kadhaa kusoma masomo ya kuchagua, kwa sababu hakuna idara hata moja iliyokuwa na watu wa kufundisha fedha, biashara ya kimataifa, uchumi wa afya na ekonometriksi (takwimu za kiuchumi) ya juu kwa mpigo. Mwaka 2002 wakafuata na uzamivu wa pamoja, digrii zikitolewa na vyuo vinane: Dar es Salaam, Nairobi, Ibadan, Benin ya Nigeria, Yaoundé II, Cocody ya Abidjan, Cape Town na Witwatersrand. Marehemu Profesa Benno Ndulu, ambaye wengi mnamkumbuka kama Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018, aliwahi kuiongoza AERC kabla ya hapo. Wale watu walikuwa na uhaba mbaya kuliko huu wa leo na hawakuugeuza kuwa chanzo cha mapato.

Na kwenye uzamivu wao kuna jambo ambalo vyuo vyetu vingeweza kuliiga kesho asubuhi. Mwanafunzi anapeleka pendekezo lake, na baadaye matokeo yake, mbele ya warsha ya watu wa nje ya chuo chake. Mtu mwingine anaiona kazi. Ukikwama inajulikana umekwama, na inajulikana uko kwa nani. Kwetu kwenye uzamili wa kawaida, kuanzia siku ya kutetea pendekezo hadi siku ya kuwasilisha, kazi iko kati yako na mtu mmoja, na simu yake haipokelewi.

Sasa niwaambie ucheleweshaji huu unazaa nini, maana hapa ndipo penye uozo. Waandishi wa kukodi. Kila mtu aliyesoma MBA anawajua. Kuna niliosoma nao ambao walipoona miezi inakwenda, wakalipa mtu. Kichwa cha habari kinatoka kwenye kiwanda kilekile: athari za jambo fulani kwenye utendaji wa benki fulani, dodoso mia moja, "nakubali sana, nakubali, sina uhakika", rigresheni moja ya SPSS (programu ya takwimu), mapendekezo matano ya kuwaambia menejimenti iboreshe mafunzo. Nusu ya dodoso zimejazwa na mtu mmoja chumbani. Na zinapita! Zinapita haraka kwa sababu hazina swali lolote la kumpa msimamizi kazi. Anaziangalia, zinafanana na za mwaka jana, anasaini. Mimi niliyehangaika na data ya kweli yenye matatizo ya kweli, kaya zilizohama, majibu yaliyokosekana, ndiye nimekwama. Mwenye kuandikiwa kavaa joho, kapandishwa cheo ofisini, na anaweza kurudi hapo chuoni kufundisha jioni.

Wengine watasema ukikibana chuo kimalizishe watu, kitapitisha takataka. Hoja nzuri, siikwepi. Mwaka 2019 huko Kenya chuo kimoja kilitunuku uzamivu kwa watu 118 katika mahafali moja, wengi wakashangaa, na tume ya elimu ya vyuo vikuu ya huko ikaingia kuchunguza. Tume hiyo hiyo ina kanuni kwamba mhadhiri mmoja asisimamie zaidi ya watu watano wa uzamili na watatu wa uzamivu kwa mwaka wa masomo. Kanuni inaweza kuvunjwa, hilo limeonekana, lakini walau ipo namba ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole. Muulize mratibu wangu msimamizi wangu ana wanafunzi wangapi uone atakavyotafuta miwani.

Afrika Kusini wao wameweka pesa upande wa pili kabisa. Tangu mfumo wao wa ruzuku wa mwaka 2003, serikali inakilipa chuo kwa kilichotoka: makala iliyochapishwa inahesabiwa moja, mhitimu wa uzamili wa utafiti moja, mhitimu wa uzamivu tatu. Mwanafunzi akikwama, chuo kinakosa. Nao wana madhambi yao, watu wamekimbilia majarida ya ovyo ili kuvuna hizo pointi, na ndiyo maana mtahini wa nje lazima awe wa kweli na asichaguliwe kirafiki. Lakini angalieni tu mwelekeo wa pesa. Kule mwanafunzi aliyekwama ni hasara kwa chuo. Kwetu ni laki tano na nusu kila muhula.

Ninachodai si kikubwa. Sura ikipokelewa idarani igongwe muhuri wa tarehe, nakala ibaki kwa mratibu. Siku thelathini zikipita bila marejesho, saa ya mwanafunzi isimame: muhula huo usihesabiwe wala usitozwe. Zikifika sitini, apewe msomaji mwingine bila kuandika barua ya kuomba radhi. Basi. Hakuna haja ya mfadhili wala mtaala mpya, wala warsha ya siku tatu hotelini. Karatasi moja ya kanuni inatosha, na mtu wa kuigonga muhuri yupo, namwona pale mapokezi kila siku.

Na kuna takwimu moja ningetaka idara itundike ukutani pembeni ya ile picha kubwa ya mahafali: walioanza mwaka fulani walikuwa wangapi, waliomaliza kwa wakati wangapi, waliobaki wako hatua gani. Niliomba nipewe. Nikaambiwa ni siri za wanafunzi. Sikuomba majina, niliomba hesabu, kwa idara inayofundisha takwimu.

Wale wa "si uache tu": nimeshalipa ada yote ya darasani, masomo yote nimefaulu bila supu (mtihani wa marudio) hata moja. Nikiacha sasa sina cheti, sina chochote, na hilo wanalijua vizuri sana wanapoandika hizo ankara.

Mlio vyuo vingine, iwe uchumi, MBA au uhasibu, naomba mnisaidie kitu kimoja. Majina ya wahadhiri msiweke, mods watafuta uzi. Mwenye kanuni za uzamili za chuo chake zenye kifungu kinachosema msimamizi akichelewesha kazi, gharama inabebwa na chuo, apige picha ya ukurasa huo aiweke hapa. Za kwetu nimezisoma kurasa zote. Kuna vifungu kumi na moja vya adhabu kwa mwanafunzi anayechelewa. Cha msimamizi hakipo, na Ijumaa nina miadi na mkurugenzi wa uzamili.