Patisheni ya kubuti: iwe ndani ya RAID au ibaki nje?

Mleta mada
Wakuu, naomba tujadili hili. Mashine ina diski mbili, RAID 1 (kila diski ni nakala ya mwenzake) ya mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, na Linux juu yake. Diski ya kwanza inakufa, ya pili ni nzima, data zote zipo, na bado mashine haiwaki. Mara nyingi RAID yenyewe haina kosa. UEFI, programu ya ubao mama inayoanzisha mashine, haiijui mdadm. Inatafuta patisheni ya FAT (mfumo rahisi wa faili) yenye GRUB, programu inayopakia Linux. Patisheni hiyo ndiyo ESP, na kisakinishi kiliiweka kwenye diski ya kwanza tu. Msimamo wangu: ESP ibaki nje ya RAID, kila diski iwe na yake, na nakala isasishwe kila GRUB inapobadilika.

Mchangiaji 1
Napinga, mkuu. Nani atakumbuka kunakili? Iunde ESP kama RAID 1 kwa metadata 1.0. Toleo hilo huandika taarifa za RAID mwishoni mwa patisheni, hivyo UEFI inakuta FAT ya kawaida mwanzoni. Wengi wanaacha 1.2 ambayo mdadm hutumia usipoiambia kitu. Hiyo huziweka karibu na mwanzo, inagoma, halafu wanatangaza kuwa haiwezekani. Ongeza ingizo la diski ya pili kwenye orodha ya kubuti ya UEFI kwa amri ya efibootmgr, basi.

Mleta mada
Hiyo "basi" umeiwahisha. UEFI ikiandika chochote humo kabla Linux haijaamka, imeandika kwenye diski moja. Nakala zimeshatofautiana, na /proc/mdstat, faili la hali ya RAID, inaendelea kuonyesha [UU], yaani diski zote mbili ni nzima, kana kwamba mambo ni shwari.

Mchangiaji 2
Nyote wawili mmeishia mlangoni. Kesi nyingi ninazoletewa, GRUB inatokea vizuri, kerneli (kiini cha Linux) inapakiwa, kisha mtu anaachwa kwenye initramfs, mfumo mdogo wa muda wa kuanzia, kwa sababu root, patisheni kuu ya mfumo, haionekani. Hapo ESP haihusiki kabisa. Soma /proc/mdstat kwanza. Safu, yaani RAID yenyewe, ikiwa "inactive" kwa kukosa diski moja, mdadm --run /dev/md0 huianzisha na iliyobaki. Ikijiita md127 badala ya md0, kagua mdadm.conf iliyo ndani ya initramfs. Kwa kawaida mstari wa ARRAY unaoitaja safu hiyo haumo. Rekebisha, kisha update-initramfs -u kwa Debian au dracut -f kwa Fedora. Na jamani, mdadm --create si amri ya kujaribia bahati. Safu iliyopo huunganishwa kwa --assemble. Ukikosea mpangilio au toleo la metadata kwenye --create, data imekwenda.

Mchangiaji 1
Ya initramfs nakubali. Kwenye ESP uko upande gani?

Mchangiaji 2
Nje, mbili, na skripti ndiyo inakili, si mtu. Zote ziwe na nofail (ikikosekana, mashine iendelee kuwaka) kwenye fstab, orodha ya patisheni za kuunganishwa, la sivyo diski ikifa systemd, kianzishi cha huduma za Linux, inakutupa kwenye hali ya dharura hata kama root ni salama. Wa BIOS ya zamani, mtangulizi wa UEFI, ubishi huu hauwahusu: grub-install kwenye diski zote mbili.

Mchangiaji 1
Skripti nayo hufa kimyakimya. Nabaki na 1.0 yangu mpaka mtu anionyeshe UEFI iliyoivuruga.