Tumelipia meza za kazi za mikono, tukapangwa na mzigo wa kontena

Wakuu, habari za jioni. Hasira hizi ninazo tangu Jumapili usiku na nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nasuka vikapu na mikeka ya ukindu, yale majani ya mkindu. Kazi nimefundishwa na mama yangu, Ikwiriri kule Rufiji, na mpaka leo ukindu natumiwa na yeye kwa basi, unafika Mbagala ukiwa umeshakauka. Nauchambua, nautia rangi kwenye maji yanayochemka, nasuka ukili, ule utepe mrefu, ndipo naushona. Kikapu cha sokoni cha saizi ya kati kinanila siku tatu, bado sijampelekea fundi viatu aniwekee mikono ya ngozi. Nauza 35,000. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, oda zimekuwa zikija zenyewe, majirani na watu wa WhatsApp. Kukodi meza kwenye maonyesho ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Tangazo la waandaaji lilisema ni kazi za mikono tu, na anayeuza awe ndiye aliyetengeneza. Hayo maneno ndiyo yaliyonitoa 180,000 kwa siku mbili. Tena wakataka video nikiwa nasuka, wahakikishe. Nikatuma. Miezi miwili nimelala saa saba usiku, mdogo wangu ananisaidia kushona, mpaka tukafikisha vikapu 41 na mikeka sita.

Jumamosi saa moja kasoro asubuhi nafika na mzigo, namkuta dada wa meza ya jirani anafungua maboksi. Vikapu vimepakiwa kimoja ndani ya kingine, vyote sare kabisa, kila kimoja na nailoni yake. Chini ya kila kikapu kuna stika ya kiwanda. Alikuwa na pamba na asetoni ya kutolea rangi ya kucha: anasugua stika mpaka itoke, anapangusa, anafunga kikadi kinachosema kimetengenezwa Tanzania. Kisha anachukua kingine. Nilibaki nimesimama, mzigo kichwani, namwangalia. Yule binti ameajiriwa tu, naomba asitukanwe hapa. Nina ugomvi na waliomuuzia tajiri wake ile meza.

Vyake vilikuwa 15,000.

Kuna mama mmoja alikishika kikapu changu, akapitisha kidole kwenye mshono, akakigeuza chini, akaniuliza, "Mbona chako ghali hivi mwanangu, na vyote si vya kusuka?" Nikamweleza habari ya ukindu, siku tatu, kila kitu. Akanisikiliza vizuri, akanishukuru, akaenda kununua pale pembeni. Simlaumu hata kidogo. Bango la getini limemwambia kila kilichomo humo kimetengenezwa kwa mkono, sasa yeye ajuaje?

Upande wetu alikuwepo mzee mmoja mchongaji. Alinishika mkono akanipeleka meza ya tatu kutoka kwetu, akainua kinyago "cha mpingo", akanipa nikishike. Chepesi! Mpingo ni mzito, ukiushika tu unajua. Akakwangua kwa ukucha chini ya kitako, kiwi nyeusi ikabanduka, mti mweupe ukatokea. Mzee wa watu kwa siku mbili aliuza vinyago viwili.

Nikamfuata mratibu. Jibu lake, "Dada, hata yeye amelipia meza kama wewe."

Sasa video yangu mliitaka ya nini? Kama kigezo ni hela, tangazeni kwamba ni gulio, tujue tunakwenda guliani, tupange bei na mzigo wa kwenda huko. Kukagua meza zote asubuhi kabla ya kufungua geti isingewachukua hata nusu saa. Maboksi yalikuwa wazi, stika zinaonekana!

Jumapili ikanyesha. Turubai la juu yangu lilikuwa limechanika, na tangu Jumamosi nilishawaambia, nikajibiwa nisubiri. Maji yakadondokea mkeka mkubwa nilioutandika mbele, zambarau ikachuja ikaingia kwenye ukili mweupe wote. Ule mkeka ningeuza 80,000. Rangi ikishachuja hivyo hairudi, hata ufanyeje.

Jioni tunafungasha, wanapita na daftari: kila mtu atoe asilimia 10 ya mauzo. Fomu niliyosaini haina hicho kitu, nimeisoma mbele na nyuma. Ukibisha unaambiwa gari lako halitoki getini. Nikatoa.

Hesabu yangu ni hii. Nimeuza vikapu tisa, 315,000. Toa meza 180,000, toa usafiri wa siku mbili 60,000, toa asilimia yao 31,500. Nimerudi nyumbani na 43,500, na humo sijatoa ukindu, rangi, ngozi wala ule mkeka. Mama amenipigia kuuliza maonyesho yameendaje, nimemwambia nitampigia baadaye.

Nataka warudishe asilimia 10 yote na walipe mkeka. Fomu ninayo, ujumbe wa malipo ninao, picha za turubai na za mkeka ninazo. Jumatatu napeleka barua ofisini kwao. Wewe uliyekuwa na meza pale na ukakatwa kama mimi, njoo PM kabla ya Jumamosi tuweke majina kwenye barua moja. Na kama kuna aliyepiga picha zile stika kabla hazijasuguliwa, naziomba sana.