Mishipa imebana, mbona presha ya mgonjwa wa moyo iko chini?

Tabibu_Mufindi: Wakuu, mgonjwa miaka 61, moyo umeshindwa kufanya kazi, miguu imevimba, viganja baridi hata jua likiwaka. Presha 96/78. Tumefundishwa kwamba homoni zinazobana mishipa hupanda kwenye ugonjwa huu. Sasa mbona presha haipandi? Na enalapril, dawa ya kulegeza mishipa, nianze nayo hivyohivyo?

Daktari_Uyole: Mkuu, presha ni zao la vitu viwili: damu inayosukumwa kwa dakika na ukinzani wa mishipa. Moyo ukichoka, figo hupata damu kidogo, zinadhani mtu kavuja damu, zinamwaga renini, kimeng'enya kinachoanzisha mbano. Hapo huja anjiotensini II inayobana mishipa, na aldosteroni inayoshikilia chumvi na maji. Noradrenalini na vasopresini nazo huongeza mbano. Hiyo 96 ndiyo iliyopatikana *baada* ya kubana kote huko! Toa 78, inabaki 18, haifiki robo ya 96: dalili kwamba moyo unasukuma kidogo mno.

Fikiria pampu ya kumwagilia vitunguu Ruaha Mbuyuni, injini imechoka. Bana mdomo wa mpira, maji yataruka, lakini injini inalemewa na shambani yanafika machache. Enalapril inazuia anjiotensini II isitengenezwe, hivyo inaachia mdomo.

Ila huyo, mwenye baridi na maji mwilini kwa pamoja, mpe rufaa leo. Vidonge vya kituoni havimtoshi, na carvedilol, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, usimguse nayo sasa. Akitulia: enalapril miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, dozi ipande kila baada ya wiki 2 kuelekea 10 hadi 20 mara mbili. Pima potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kabla ya kuanza, kisha wiki 1 hadi 2 baadaye. Presha ikidondoka na uvimbe umeisha, punguza furosemide, dawa ya kukojoza maji, kwanza. Mgonjwa aliyekaushwa mno presha yake inaning'inia kwenye anjiotensini, ukiikata, anaanguka.

Mfamasia_Tukuyu: Muulize pia anameza nini cha dukani. Diclofenac ya maumivu ya mgongo huzuia prostaglandini, ambazo ndizo zinaiachia figo njia ya damu wakati anjiotensini inabana. Ikikutana na enalapril na furosemide, figo zinagoma. Na Juni hadi Julai, baridi ikikaza, kuna vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine: navyo vinabana mishipa.

Tabibu_Mufindi: Rufaa naandika sasa. Baadaye losartan, nayo ya kuzuia anjiotensini II, niongeze juu ya enalapril, je?

Daktari_Uyole: Hapana. Potasiamu itapanda na figo zitaumia. Akikohoa kikavu kwa enalapril, ndipo unabadilisha kuwa losartan.