Boli ya ekizosi (bomba la moshi) imegoma kutoka

Wakubwa, nafungua moteri ya teksi hapa Birere, Goma. Boli 7 zimetoka; ya mwisho, ya saizi 14, imekataa kabisa hata nikivuta kile (ufunguo wa boli) kwa bomba refu, na kichwa kimeanza kulika. Kilasi (kichwa cha moteri) ni cha aluminiamu, naogopa ikatikie ndani. Gari ndiyo chakula cha watoto wa mwenyewe.

— Mdogo wangu, weka chini hilo bomba refu! Mwagia mafuta ya kutu, iache hadi kesho. Gonga kichwa kwa nyundo, kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Na chukua kile ya pande 6. Ya pande 12 hula vichwa.

— Ikikatika, chomelea nati juu ya kisiki. Joto lenyewe hulegeza kutu. Bukavu nilitoa 3 hivyo.

— Kaka, asante sana. Imetoka asubuhi hii, ikilia.