Mrejesho: jaribio langu la majani ya malisho

Wakuu, niliuliza nipande majani ya tembo, brakiaria au lusini, mkaniambia nijaribu zote kwenye vipande vidogo kwanza. Asanteni mno.

Kila aina niliipa vipande 3 vilivyotawanyika shambani, na hapo ndipo nilipookoka. Lusini ya bondeni ilidumaa kabisa. Ningekuwa na kipande hicho tu ningelaumu mbegu. Ya mwinuko imestawi. Kumbe haivumilii mizizi kukaa majini!

Mvua ilipokuwepo majani ya tembo yaliongoza, lakini kiangazi brakiaria ndiyo iliyobaki kijani. Mavuno niliyapima yakiwa makavu, maana majani mabichi yamejaa maji, uzito wake unadanganya.

Sasa nasubiri kuona yatakavyochipua baada ya kukatwa tena.